Shangingi la Umeme: Nishati Mpya, Ubwanyenye Uleule

Baada ya nchi za Afrika Mashariki kujipatia Uhuru mwanzoni mwa miaka ya 1960, wananchi hawakuchelewa kuwapa jina watu waliodhani kwamba maana ya Uhuru ni wao kukalia viti vilivyoachwa na wakoloni. Waliwaita Wabenzi. Hilo halikuwa kabila lenye ardhi wala mila. Lilikuwa kundi la watu waliotambulika kwa gari moja, Mercedes-Benz, ambalo kila aliyepata cheo alilitamani kabla hajaijua kazi ya cheo chenyewe. Miaka ikapita, Benzi la mjini likashindwa na vumbi la mashambani, na mahali pake pakaingia gari kubwa la Kijapani lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne. Wananchi, kwa dhihaka ileile ya wazee wao, wakaliita shangingi. Leo dunia inaingia katika zama za magari ya umeme, na tayari zinaonekana dalili kwamba watu wa tabia ileile wanajitayarisha kubadili kiti bila ya kubadili mwenendo.

Hoja yao imevikwa nguo safi. Wanasema kwamba gari la umeme halitoi moshi wala halinywi mafuta yanayonunuliwa nje kwa fedha za kigeni, na kwa hiyo ofisa atakayeacha shangingi la dizeli na kupanda shangingi la umeme atakuwa ametimiza wajibu wa uzalendo, hata kama bei ya gari hilo ni bei ya zahanati nzima. Katika hoja hiyo mna chembe ya ukweli, na hapo ndipo ilipo hatari yake. Uongo mtupu hauwezi kuwapita walimu na watumishi wa umma, kwani ni watu waliosoma. Kinachoweza kuwapita ni anasa iliyojifunika shuka ya sayansi.

Mahali pa kuipimia hoja hiyo si Masaki wala Oysterbay, ambako barabara ni za lami na nyumba zina jenereta. Mahali pake ni Karagwe na Kyerwa, wilaya mbili za mkoa wa Kagera zilizokuwa wilaya moja hadi Kyerwa ilipoanzishwa mwaka 2012. Ni nchi ya vilima, migomba na mibuni, inayopakana na nchi jirani kwa mto Kagera. Huko chombo chochote cha umma hupimwa kwa mambo matatu: barabara, umeme, na jasho la mkulima.

CHOMBO CHENYEWE

Ili isionekane kwamba gari linashutumiwa kabla ya kujulikana, yafaa lielezwe kwa haki. Mfano ulio wazi kuliko yote ni Mercedes-Benz G 580, gari la umeme lililotangazwa mwaka 2024 na kampuni ileile ya Ujerumani iliyowapa Wabenzi jina lao. Ukoo wa gari hilo ulianza kutengenezwa mwaka 1979, mwaka uleule ambao majeshi ya Tanzania yalimaliza kazi ya kumng'oa Idi Amin. Mwanzo wake ulikuwa wa kazi. Lilikusudiwa askari, watu wa misitu na watu wa njia mbovu. Taratibu likaondolewa msituni na kuegeshwa mbele ya mahoteli. Ndiyo safari iliyopitiwa pia na shangingi la Kijapani, lililoingia nchini kwa kazi ya porini na kuishia kuwa alama ya ukubwa.

Uwezo wa gari hilo ni mkubwa. Kila gurudumu lina mota yake, na mota zote nne kwa pamoja hutoa kilowati 432, yaani nguvu za farasi 587. Gari lina uzito wa kilo 3,085, lakini likianza kutoka mahali liliposimama hufikia mwendo wa kilometa 100 kwa saa katika muda usiotimia sekunde tano. Tumbo lake liko sentimeta 25 juu ya ardhi. Huweza kupita katika maji yenye kina cha sentimeta 85, na penye udongo laini huweza kujizungusha papo hapo kama pia. Wahandisi waliofanya kazi hiyo wanastahili heshima, na itakuwa si haki kusema kwamba chombo hicho hakiwezi kupanda vilima vya Karagwe. Chaweza.

Lakini umbo lake linasimulia jambo lingine. Umeme hauna ngurumo. Ni neema kwa masikio ya watu. Hata hivyo gari hilo limewekewa vipaza sauti vinavyotoa mngurumo wa bandia, ili mwenye nalo asikose kusikika anapopita. Tena, mahali pa nyuma ambapo kwa miaka yote palining'inia gurudumu la akiba, sasa panaweza kuwekwa sanduku la umbo zuri la kuhifadhia nyaya za kuchajia. Mtu yeyote aliyewahi kusafiri kutoka Omurushaka kwenda Murongo wakati wa masika aitafakari habari hiyo. Gurudumu la akiba limeondolewa ili papatikane pambo. Mbuni wa gari hilo hakuwa akifikiria changarawe za Nkwenda wala utelezi wa Kaisho, na wala hakupaswa kuzifikiria, kwa sababu hakuzibuni barabara hizo na wala hakutumwa na watu wake. Wa kulaumiwa ni yule ambaye angeona kitu kilichobuniwa kwa ajili ya matajiri wa Ulaya na Marekani akakiita nyenzo ya kazi ya Halmashauri.

KIPIMO CHA BARABARA

Barabara ya lami ya kilometa 59 kutoka Kyaka hadi Bugene imekuwa ukombozi kwa wananchi wa Karagwe. Lakini lami si mwisho wa safari ya mtumishi wa umma. Ni mwanzo wake. Ofisa ugani, mkaguzi wa shule, muuguzi wa chanjo na ofisa elimu kata kazi yao huanzia pale lami inapokoma. Wao huenda katika barabara za udongo na vijia vya migombani, ambamo hata gari dogo hupita kwa kuomba radhi. Huko gari la tani tatu ni mzigo kwa madaraja madogo yaliyojengwa kwa nguvu za wananchi, na mwendo wa sekunde tano haumsaidii mtu yeyote isipokuwa kuwatimua mbuzi.

Kuna pia suala la masafa. Kwa kipimo cha Ulaya, gari hilo likijaa umeme hutajwa kuwa linaweza kwenda hadi kilometa 473. Kwa kipimo cha Marekani, ambacho ni kikali zaidi, hutajwa maili 239, yaani kilometa 385 hivi. Vipimo vyote viwili hufanywa kwa kanuni zilizopangwa. Havifanywi kwa kupanda vilima juu ya changarawe na mvua. Kutoka Dar es Salaam hadi Karagwe ni zaidi ya kilometa 1,300. Hata kwa hesabu hiyo ya kilometa 385, ofisa atalazimika kusimama njiani si chini ya mara tatu akitafuta mahali pa kuchajia. Kila mahali pa namna hiyo hapana budi pajengwe na mtu fulani kwa fedha za mtu fulani. Wanaolisifu gari hawamtaji mtu huyo.

KIPIMO CHA UMEME

Betri ya gari hilo hubeba uniti 116 za umeme. Kwa mtu wa mjini namba hiyo haina uzito. Kwa mwananchi wa Mabira au Nyakahanga ina uzito mkubwa. Katika bei zilizotangazwa na EWURA mwaka 2016, mteja mdogo wa daraja la D1 ni yule ambaye matumizi yake hayazidi wastani wa uniti 75 kwa mwezi, naye hulipa shilingi 100 kwa uniti. Maana yake ni kwamba gari moja, kwa kujazwa mara moja, humeza umeme ambao nyumba hiyo, yenye baba, mama, watoto, taa, redio na simu, huutumia kwa mwezi mmoja na nusu. Ofisa ataumaliza kwa safari ya siku moja au mbili, kisha atachaji tena.

Na atachajije? Akitumia soketi ya kawaida ya ukutani, gari litahitaji zaidi ya saa 50, yaani siku mbili usiku na mchana, nalo limefungwa kama ng'ombe kwenye kigingi. Akitumia umeme wa fezi tatu kwa kilowati 11, itamchukua saa 11 hivi. Sifa inayotangazwa sana, ya betri kutoka asilimia 10 hadi 80 kwa dakika 32, hupatikana kwa mtambo wa kilowati 200 pekee. Transfoma nyingi zinazofungwa vijijini ni za ukubwa wa kilovolti-ampia 50 au 100. Kwa hiyo gari moja, ili ofisa mmoja asichelewe, litahitaji nguvu zinazolingana na uwezo wote wa transfoma nne za kilovolti-ampia 50, au mbili za 100. Mwalimu wa fizikia akitaka zoezi la darasani hatapata lililo bora kuliko hilo.

Hesabu hiyo inaweza kusogezwa hadi mtoni. Katika mpaka wa Kyerwa na Uganda, penye Murongo upande huu na Kikagati upande ule, maji ya mto Kagera yanazungusha mitambo ya kituo cha megawati 14, na umeme wake hugawanywa nusu kwa nusu kati ya nchi mbili. Fungu la Tanzania ni megawati 7. Yakichajiwa magari 35 ya namna hiyo kwa wakati mmoja, kwa kasi hiyo inayosifiwa, fungu lote la Tanzania limekwisha. Mto mzima unatiririka, mitambo inazunguka, ujirani mwema kati ya mataifa mawili umefanya kazi yake, na matunda yote yamelala katika uwanja mmoja wa kuegeshea magari.

Watetezi wa anasa watajibu kwamba umeme sasa upo kwa wingi. Ni kweli kwamba Taifa limepiga hatua kubwa. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji limejengwa kwa uwezo wa megawati 2,115, na mtambo wake wa kwanza ulianza kuzalisha mwaka 2024. Kituo cha Rusumo cha megawati 80 kimejengwa kwa pamoja na Tanzania, Rwanda na Burundi. Serikali imetangaza kwamba vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa na umeme, na kazi kubwa iliyobaki ni vitongoji. Lakini umeme ulioko Rufiji si umeme ulioko Isingiro ya Kyerwa hadi umebebwa na nyaya. Mkoa wa Kagera, kwa miaka mingi, ulikuwa nje ya gridi ya Taifa na kununua umeme kutoka Uganda. Mradi wa njia ya kilovolti 220 kutoka Benaco hadi Kyaka ulibuniwa ili kuuondoa mkoa katika hali hiyo. Njia kama hiyo haijengwi kwa mamilioni ya walipa kodi ili ofisa mmoja apate kujaza betri ndani ya nusu saa. Hujengwa ili mashine ya kukoboa kahawa isisimame, pampu ya maji isinyamaze, jokofu la chanjo lisipoe kazi, na mtoto wa shule ya sekondari ya kata asome usiku kwa taa badala ya kibatari.

KIPIMO CHA JASHO

Huko Marekani gari hilo huuzwa kwa zaidi ya dola 160,000. Kwa fedha za nchi hii ni karibu shilingi milioni 400, kabla ya nauli ya meli na ushuru. Mwananchi wa kijijini huunganishiwa umeme kwa ada ya shilingi 27,000. Bei ya gari moja ni sawa na ada ya kaya zaidi ya 14,000.

Mkulima wa Karagwe na Kyerwa anaifahamu zaidi hesabu ya kahawa. Mwaka 2024 kahawa ya robusta ilifikia bei ambazo soko la London halikuwa limezizoea, ikavuka dola 5,000 kwa tani. Hata kwa bei hiyo ya neema, gari moja ni tani 32 za kahawa safi. Na kwa kuwa kahawa ya maganda ikikobolewa hubakiza takriban nusu ya uzito wake, gari hilo ni tani 64 za maganda yaliyochumwa, kuanikwa, kugeuzwa na kubebwa. Hiyo ni bei ya London. Mkulima hailipwi yote. Ni mkulima huyohuyo ambaye walanguzi wamemsumbua kwa vizazi kwa ile biashara haramu ya butura, ya kuinunua kahawa ingali juu ya mti kwa bei ya kutupa, kwa sababu tu mtoto anadaiwa sare au mgonjwa anadaiwa dawa. Serikali imeipiga vita butura, nayo imefanya vema. Lakini yupo mtu atakayeuliza, na atakuwa na haki ya kuuliza: kuna tofauti gani kati ya mlanguzi anayekula kahawa juu ya mti na ofisa anayeigeuza ushuru wa kahawa kuwa viti vya ngozi?

Kuna jambo jingine lisilosemwa. Betri za magari mengi ya kifahari ya umeme hutengenezwa kwa nikeli. Nikeli hiyo imelala kwa wingi Kabanga, wilayani Ngara, katika mkoa huohuo wa Kagera. Mbao za kielektroniki zinazoendesha mota na vipaza sauti vyake huungwa kwa risasi ya kulehemu yenye bati, na bati huchimbwa Kyerwa na wachimbaji wadogo kwa sururu na beleshi. Watu wa nchi hii walifua chuma tangu kale. Vifaa vya kifalme vya chuma vya watawala wa Karagwe kule Bweranyange viliwashangaza wageni wa karne ya 19. Itakuwa fedheha kama kizazi cha leo kitauza madini ghafi kwa kilo na kuyanunua tena kwa sekunde tano na mngurumo wa bandia. Huo ndio ukoloni mamboleo kwa maana yake kamili: mali ghafi hutoka hapa, ujuzi hukaa kule, na kinachorudi ni pambo la mkubwa. Hatua ya Serikali ya kuchukua hisa asilimia 16 katika mradi wa Kabanga, kwa mkataba wa mwaka 2021, na kusisitiza kwamba madini yasafishwe nchini, ndiyo njia iliyo sahihi. Kuagiza magari ya anasa ni kutembea njia hiyo kinyumenyume.

UBAYA SI UMEME

Wasomaji wasidhani kwamba haya ni maneno ya kuuchukia umeme au kuutetea moshi wa dizeli. Mota ya umeme ni chombo bora kuliko injini ya mafuta. Hupoteza nishati kidogo, hupanda mlima bila kuhema, na inaposhuka huweza kurudisha umeme katika betri. Kwa nchi ya vilima kama Karagwe hiyo ni sifa ya maana. Tanzania hununua nje mafuta yake yote ya petroli na dizeli, wakati sehemu kubwa ya umeme wake huizalisha yenyewe kwa maji na gesi yake. Kujaza betri ya uniti 116 kwa bei ya kawaida ya shilingi 292, kabla ya kodi na tozo, ni karibu shilingi 34,000, kiasi ambacho ni kidogo sana mbele ya gharama ya dizeli kwa masafa hayo.

Lakini akiba hiyo isigeuzwe kuwa kisingizio. Hata ikikubaliwa kwamba kila betri inapojazwa zinaokolewa shilingi 100,000, itabidi ijazwe mara 4,000 ndipo zitimie shilingi milioni 400. Gari litakuwa limekwenda zaidi ya kilometa milioni moja na nusu, sawa na kuizunguka dunia mara 38. Na mtu asiseme kwamba shangingi la dizeli nalo lina bei yake. Ni kweli linayo. Mwizi wa pili hafanywi mwema na kuwapo kwa mwizi wa kwanza. Hoja ni kwamba cheo kisipimwe kwa gari, liwe la dizeli au la umeme.

Umeme ukitumika kwa ajili ya wengi, matunda yake huonekana mara moja. Treni ya umeme ya reli ya kisasa iliyoanza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 ni chombo cha umeme. Hubeba mamia ya watu kwa wakati mmoja, mkulima na mkurugenzi katika treni moja. Jirani na Kagera, mjini Kigali, tangu mwaka 2019 pikipiki za umeme hubadilishiwa betri kwa dakika chache, na dereva huendelea na kazi yake bila kusubiri saa nzima. Nchini Uganda, vijana waliotengeneza gari la umeme la Kiira katika Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 2011 hawakuishia kwenye gari la mkubwa. Kazi yao imezaa mabasi ya Kayoola. Hao ni majirani wa damu. Hawakungoja kuonyeshwa njia na matajiri wa Ulaya.

Pikipiki ya umeme hutumia takriban uniti 3 hadi 4 kwa kilometa 100. Kwa hiyo uniti 116 zinazomaliza safari moja ya shangingi zingeiendesha pikipiki ya ofisa ugani karibu kilometa 3,000, ambayo ni safari ya kwenda Dar es Salaam na kurudi. Serikali iliwahi kuwagawia maafisa elimu kata pikipiki, na kila mwalimu anajua jinsi zilivyoileta ofisi karibu na darasa. Kazi ya leo ni kuiendeleza hatua hiyo kwa nishati mpya. Halmashauri zimewekewa sheria ya kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Vikundi vya vijana wa bodaboda wa Kayanga, Omurushaka na Nkwenda vingeweza kukopeshwa pikipiki za umeme na kituo cha kubadilishia betri, na vyuo vya VETA vya mkoa vikafundisha mafundi wa kuzitengeneza. Hapo elimu itakuwa imekaa nchini, ajira itakuwa imekaa kijijini, na karakana za TEMESA hazitalazimika kumngoja fundi wa kigeni aje na kompyuta yake.

CHEO NI DHAMANA

Mafundisho ya Chama juu ya jambo hili si ya jana. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka masharti ya uongozi kwa sababu viongozi wa wakati huo walikuwa wameanza kujitenga na watu. Mwongozo wa mwaka 1971, katika kifungu chake cha 15, uliwaonya viongozi dhidi ya majivuno, ufahari na dharau. Baadhi ya masharti hayo yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991, ili yapatane na hali iliyobadilika. Lakini hakuna kikao chochote kilichopitisha kwamba ufahari umekuwa wema. Ahadi ya mwanachama bado inamkumbusha kwamba cheo ni dhamana.

Wala kujinyima si jambo geni kwa nchi hii. Bei ya mafuta ilipopanda katika miaka ya 1970, magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili alasiri, na Taifa halikufa kwa kutembea kwa miguu. Majeshi ya Amin yalipolivunja daraja la Kyaka mwezi Novemba 1978, malori na mabasi ya mashirika na ya watu binafsi yaliitwa kwenda kubeba askari na chakula, nayo yakaenda. Vita ilipokwisha Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18, na watu wa Kagera, ambao walikuwa wamepoteza kuliko wengine, waliifunga bila kunung'unika. Mwaka 2015 sherehe za Uhuru zilibadilishwa kuwa siku ya usafi, na wananchi walishika mafagio. Watu waliofanya hayo wanao uwezo wa kutambua ni gari lipi limekuja kufanya kazi na lipi limekuja kutazamwa.

Kwa hiyo wajibu uko wazi. Watumishi wanaoandaa bajeti za Halmashauri za Karagwe na Kyerwa, na madiwani wanaozipitisha, hawana budi kukiuliza kila chombo cha umeme kitakachopendekezwa maswali matatu kabla ya kukiandikia hundi: Kitamfikisha nani, na wapi? Umeme wake utatolewa katika fungu la nani? Nani wa nchi hii atakitengeneza kikiharibika? Pikipiki ya ofisa ugani italijibu kila swali. Gari la wagonjwa la umeme, litakapopatikana la kufaa barabara hizo, litayajibu. Basi la abiria litayajibu. Shangingi lenye mngurumo wa bandia litanyamaza kimya, na kimya hicho ndicho jibu lake.

Walimu nao wana kazi yao, na huenda ni kubwa kuliko zote. Kijana anayesoma leo katika shule ya sekondari mkoani Kagera ndiye atakayeisafisha nikeli ya Kabanga, kuyeyusha bati la Kyerwa na kuunda betri. Akifundishwa kulitamani gari, atakuwa Mbenzi mwingine. Akifundishwa kulihesabu, uniti kwa uniti na gunia kwa gunia, atakuwa mhandisi. Umeme wa mto Kagera ni mali ya watu wanaokaa kando ya mto huo. Na uwashwe kwanza nyumbani kwao.